Rula ya Baba Mdogo Clement

6 Becksfoot Terrace,
Keighley, Yorkshire.
23 Oktoba 2023

Mpendwa Dada Averil,

Natumai barua hii itakukuta goti limeanza kukuacha ulale, na kwamba mvua za huko Hobart hazijaozesha mbegu zako za viazi. Sisi hatujambo. Prudence bado anakohoa asubuhi, lakini amerudi kwenye kwaya. Presha yangu imeshuka tangu nipunguze chumvi.

Lipo jambo lililonipasa kukuandikia mwezi uliopita, nikalichelewesha. Nilivunja gurudumu la injini ndogo ya mvuke ya baba yako, Baba Mdogo Clement, lile zito lenye jina lako alilolichonga kwa mkono wake kando ya kitovu. Shajara yangu inaonyesha ilikuwa tarehe 2 Septemba, saa nne asubuhi. Nilikuwa nikiihamishia injini kwenye gereji yangu, gurudumu likaniponyoka sakafuni. Lilipasuka vipande vitatu.

Kama ujuavyo, Baba Mdogo alikuwa anatimiza miaka tisini tarehe 21 mwezi huu. Siku hizi macho yake yanaona mwanga na kivuli tu. Aliomba kitu kimoja: siku hiyo injini izunguke mbele yake. Kwa hiyo niliamua kusubu gurudumu jingine, yaani kulimimina kwa chuma kilichoyeyushwa, kabla hajajua.

Niliviunganisha vile vipande mezani, nikavipima kwa rula ndefu ya chuma niliyoikuta kwenye sanduku lake la zana. Nikalichora gurudumu kwenye kompyuta, nikaongeza moja kwa mia, kwa kuwa chuma kikipoa hunywea. Mashine yangu ya kuchapa vitu ikanichapia kielelezo cha plastiki, umbo la kushindiliwa mchangani, uzi juu ya uzi, kwa saa kumi na tisa. Nilikipiga msasa mara nne, maana ile mistari ya nyuzi hung'ang'ania mchanga. Jina sikuliweka. Niliona kuliandika kwa kompyuta ni kama kughushi sahihi ya mtu.

Desmond Thwaite, wa chama chetu cha injini ndogo, ana tanuri uani kwake. Tulishindilia mchanga kuzunguka kielelezo, tukakitoa, tukamimina chuma katika nafasi kilipokuwa. Chuma chenyewe kilikuwa vile vipande vya gurudumu la zamani pamoja na diski mbili za breki. Kesho yake tulipobomoa mchanga, gurudumu lilitoka safi, lakini dogo. Milimita niliyoiacha ukingoni kwa ajili ya kukereza ilikuwa imeliwa yote.

“Lambert, hili ni la kigari cha mwanasesere,” Desmond alisema. “Ulipima umelala?”

Nilirudia hesabu mara tatu. Hazikuwa na kosa. Zilibaki siku kumi na nne, na mtu pekee ambaye angeweza kunieleza ni yule niliyekuwa nikimficha. Alichonga vielelezo vya mbao kiwandani kwa miaka arobaini.

Tarehe 7 nilikwenda kwenye nyumba ya wazee nikiwa na gurudumu, kielelezo na rula. Nilimwambia yote. Alinyoosha mkono, nikampa rula kwanza. Akapitisha kucha kwenye alama zake.

“Hii ndiyo uliyopimia?”

“Ndiyo, Baba Mdogo.”

“Wewe mwana wewe! Hii ni rula ya kuchongea vielelezo. Kila inchi yake imerefushwa ili chuma kikinywea kibaki sawa. Ukipimia nayo kitu kilichokwisha kutengenezwa, itakudanganya.”

Nikaelewa. Rula ilinipa kipimo pungufu, na ile nyongeza yangu ya kompyuta ikaziba pengo hilo tu. Chuma kilipopoa hakikuwa na akiba.

Kisha akapapasa kielelezo. “Mbao gani hii, nyuzi zake zinazunguka kama kitunguu?” Nikamweleza ile mashine. Akaguna. Mwishowe akachukua gurudumu, na kidole gumba kikaenda moja kwa moja kando ya kitovu. Kikakaa hapo muda mrefu.

“Averil yuko wapi?”

Nikamwambia jina sikuliweka. Akaniambia nichape kielelezo kingine, nipime kwa rula ya kawaida, na nikilete kwake pamoja na patasi yake ndogo.

Nilikipeleka tarehe 12. Mhudumu alisema vitu vyenye makali haviruhusiwi chumbani.

“Binti,” Baba Mdogo akamwambia, “nilishika patasi kabla mama yako hajazaliwa. Kama unaogopa, kaa hapo uhesabu vidole vyangu.”

Mhudumu akakaa. Kazi ilichukua saa moja na dakika ishirini, na vidole vilikuwa kumi mwanzo na mwisho.

Tulimimina tarehe 14, tukiliyeyusha lile gurudumu dogo, kwa hiyo chuma cha zamani kimo humo humo. Safari hii kipimo kilitosha. Niliukereza ukingo na kutoboa tundu. Kwenye jina sikugusa. Herufi zinapanda mlima kidogo, na nafasi ilimwishia, kwa hiyo L iko peke yake chini.

Juzi tuliiendesha bustanini kwa upepo wa kompresa badala ya mvuke. Baba Mdogo aliweka kiganja karibu na ukingo, ahisi upepo wake. Baada ya dakika tano akaagiza tuisimamishe, akatafuta kitovu kwa kidole gumba, akapitia herufi moja moja mpaka chini kwenye L.

“Yupo,” alisema. “Washa tena.”

Nisamehe kwa lile gurudumu la kwanza. Prudence na Desmond wanakusalimu. Nisalimie Rupert na pacha wake. Mungu awalinde wote waliomo nyumbani mwako, na lile goti pia.

Ni mimi, ndugu yako nikupendaye,

Lambert