Fisi wa Kambi ya Kifua

Mpendwa mdogo wangu Talaso,

Salaam aleikum huko uliko. Ni mimi Guyo, kaka yako mwenye mdomo, dereva aliyefika Kampala mara tatu na kupanda lifti ya Nairobi mpaka juu kabisa wakati watu wa kwetu Biliqo hawajaona hata ngazi. Unajua mimi si mtu wa barua. Darasa la tano tuliachana na mwalimu kwa amani, kila mtu akashika njia yake. Lakini leo nimeomba karatasi kwa sista wa dawa, kwa sababu kuna maneno nilimwambia mama juu yako ambayo hayakuwa ya kweli. Yamenikaa miaka minane, na sasa yametoka.

Usicheke ukisikia mahali ninapoandikia. Niko kambi ya kifua kikuu, hapa Isiolo, nyumba ya pili kutoka ile yako. Kikohozi kimenipata mimi, mwanaume niliyekuwa nabeba tairi la lori peke yangu. Kambi haijabadilika. Ua ni ule ule wa miiba, na wagonjwa ni watu wa malishoni, wanawekwa hapa karibu na dawa miezi yote sita, maana mtu wa ngamia ukimpa vidonge aende navyo hutamwona tena. Asubuhi mstari, sindano ya matako, halafu unakaa upande mmoja kama mama aliyepanda punda. Baada ya hapo siku yote ni yako na huna pa kuipeleka. Malori ya Merti yanapita barabarani. Nayajua kwa sauti, huyu ni fulani, anaumiza gia, yule breki zake zimekwisha. Yote yanaenda. Mimi nageuka ukutani, na ukuta nao ninaujua kila fito.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne nilipokuleta. Wiki ya pili ulikumbatia nguzo ya nyumba, ukasema hutaki sindano tena, unataka kwenda nyumbani. Sista wawili walishindwa kukubandua. Ndiyo nikachukua kijiti, nikachora barabara kwenye mchanga wa sakafu, kutoka kambini mpaka Biliqo: kizuizi cha polisi, daraja la Ewaso Nyiro, kambi ya wachungaji, halafu mama. Katikati nikatia nukta, moja kwa kila siku ya dawa. Wewe ulikuwa kijiwe cheupe. Sindano moja, nukta moja. Na kila mahali nilikuwekea njia mbili, uchague. Upite darajani ama uvuke na mamba? Ulale kwa wachungaji ama utembee na kiu? Ukikosea unapoteza kiatu, ama dumu la maji. Mimi nilikuwa polisi, nilikuwa mamba, nilikuwa mama wa miraa anayekuuliza, "Binti, unatafuta maji ama unatafuta bwana?"

Nikajiweka na mimi mwenyewe, dereva shujaa mwenye bunduki. Ukanitoa.

"Wewe ukiingia, mchezo unaharibika," ulisema. "Kila mahali unashinda."

Ukaokota punje ya mavi ya ngamia, ukaiweka nyuma ya kijiwe chako. "Huyu ni fisi. Hapigwi na hauawi. Nikienda moja, anakuja moja. Nikikosa sindano, anakuja mbili."

"Na mwisho wake?"

"Mwisho wake mimi nifike, na yeye achoke."

Nilikwambia mchezo bila bunduki hata ukitolewa bure hakuna atakayeutaka. Ulinitazama kama mzee wa baraza anayemsikiliza mlevi. Tangu siku hiyo hukukosa sindano. Nikirudi safari nakuta kijiwe kimesogea sawasawa na siku nilizokuwa mbali, na fisi nyuma yake. Hata ukiwa peke yako hukuiba nukta moja.

Mwezi wako wa tatu wa dawa mvua ikanyesha. Ulikuwa umenona, kikohozi kimekatika. Habari ikaja kwamba ngamia wamezaa na mama anauliza binti yake atakunywa maziwa lini. Unajua sisi mvua ikishuka hakuna mtu anabaki mjini, hata mgonjwa, hasa mgonjwa, maana dawa yetu ya kwanza ni maziwa. Nikasimama mlangoni na ufunguo wa lori.

"Talaso, kwa nini tucheze safari na gari iko?"

Uliangalia mchanga. Kijiwe kilikuwa kinakaribia daraja. "Bado nukta nyingi," ulisema.

"Hizo tutazipita na tairi."

Ukacheka. Hapo ndipo panaponiuma zaidi, kwamba ulicheka, ukafunga shuka lako ukanifuata.

Tulipofika Biliqo, mama aliuliza swali moja tu. "Wamemwachilia?" Ningesema nini, mbele ya watu wote wale? Nikasema, "Daktari mwenyewe. Rafiki yangu yule. Anasema hajaona kifua kimepona haraka namna hii." Watu wakashangilia, mbuzi akachinjwa, nikapewa sehemu ya mgeni mkubwa. Wewe ulinitazama juu ya kikombe cha maziwa, ukanywa. Ulinifichia. Na uliendelea kunifichia hata kiangazi kilipokuja na kikohozi kikarudi na damu.

Nilikurudisha mbio. Dawa haikushika tena. Sista alisema ugonjwa ukiachwa katikati unarudi umeijua dawa. Nilichora barabara upya, nikakuwekea kijiwe chako. Ukakisukuma upande wangu.

"Sasa wewe tembea," ulisema. "Mimi nitakuwa fisi."

Nikatembea. Kila siku nukta moja, na wewe nyuma yangu na punje yako. Mara ukawa unakuja moja kwa siku mbili. Halafu hukuweza kunyoosha mkono. "Fisi amechoka," uliniambia. "Wewe enda." Nilikuwa nimeshapita kambi ya wachungaji. Ulipoondoka duniani nilifuta ule mchanga kwa mguu, nikaendesha lori mpaka kwa mama, na hata siku hiyo sikumwambia ukweli.

Sasa sikia matunda ya mdomo wangu. Mama hapiti mbele ya hospitali mpaka leo. Mtu akikohoa Biliqo, anamwambia, "Binti yangu madaktari walimtoa na ugonjwa ndani. Kaa nyumbani." Na watu wanakaa.

Wiki iliyopita Ekai, Mturkana niliyemfundisha lori, alisimama hapa langoni. "Mzee, umenona kuliko dereva wa mkubwa. Panda twende Merti, wiki moja unarudi." Niko mwezi wa nne, Talaso. Sikohoi. Nikapanda. Nikafunga mlango, hata nikamwambia kioo chake kimekaa vibaya. Akawasha. Halafu akauliza, "Kwani wamekuachilia?"

Mdomo wangu ukaanza wenyewe. "Daktari ni rafiki..." Sikumaliza. Nikamwambia zima injini, nikamweleza yote, kuanzia kijiwe mpaka kikombe cha maziwa, nikashuka, nikamtuma kwa mama.

"Guyo, hayo ni maneno yako," alisema. "Mimi nabeba mbuzi."

"Beba na hayo."

Siku alizokuwa njiani sikula vizuri. Jana amerudi. Anasema alimkuta mama akifukiza vibuyu vya maziwa, akamwambia vile nilivyomtuma, bila kupunguza. Mama alimaliza kibuyu alichokuwa nacho, akakiziba, ndipo akasema: "Mwambie akae huko mpaka amalize." Basi. Nilimuuliza Ekai alisema kwa hasira ama kwa huruma. Ekai hajui, mama alikuwa amempa mgongo.

Lakini lori halikuja na mbuzi peke yao. Mama alimpandisha Mama Dima, yule jirani anayekohoa tangu kiangazi, aliyekuwa amekataa kuletwa. Mama mwenyewe alimfungia mzigo. Amepewa nyumba yako. Leo asubuhi baada ya sindano alikuja kwangu ameshika kiuno, akaniuliza mtu anakaa hapa muda gani. Nikamwambia miezi sita, kamili, bila kukosa hata siku moja.

Akasema nimekuwa mwongo tangu utoto.

Lala salama, mdogo wangu. Mstari wa vidonge vya jioni unaanza, nakwenda kusimama.

Ni mimi, kaka yako wa tumbo moja,
Guyo