Mlango wa Kuinamia

Kijenge, Arusha
Jumatano

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kuna sauti moja inayonifanya niandike badala ya kupiga simu: "du" ya paji lako la uso likigonga kizingiti cha juu cha mlango wa wahudumu, siku Mama aliponileta kukuona kazini nikiwa na miaka saba. Sinia halikumwagika. Ukawaomba wageni radhi kwa kelele. Natumaini goti limepoa, Mama hajambo, na upepo wa juzi haukuangusha migomba. Mimi ni mzima wa mwili.

Habari za Hoteli Mikaratusi unazijua kuliko mimi. Uliniambia mwenyewe: aliyeichora miaka ya thelathini alitaka ngazi ya wageni iwe pana na ipinde kwa madaha, na ilipokosa nafasi ikaukalia mlango wenu. Wageni wakapanda wima, ninyi mkapita mmejikunja chini ya nyayo zao. Ndiyo historia yote.

Lakini Meneja Reginald, mwenye kuvaa suti nzito mchana wa Januari, alisema mgeni hapandi ndege kuja kusikiliza habari za ngazi. Alitaka kitu chenye roho. Basi pakawekwa bango la shaba linalosema wazee wa Kimeru waliushusha mlango makusudi, ili kila aingiaye auinamie Mlima Meru. Baba, aingiaye pale anaelekea Olasiti! Watu wazima wenye shahada zao wanainama na kupigana picha, huku mlima wameuelekezea makalio.

Jumamosi ulipokuja kunitazama nami kazini hapo hotelini, Lucky anayetembeza wageni alikusimamisha mlangoni akakuambia, mzee wangu, inama kwa heshima, si ndiyo mila yenu? Wageni wakacheka kwa ule upole wao wa kuudhi. Ukamjibu kwamba mila hiyo unaijua sana, alama yake unayo usoni. Hakuelewa. Ukainama. Kisha ukaniuliza ni mpumbavu gani aliyeandika yale, nami nikasema ni watu wa Dar.

Niliandika mimi, Baba. Reginald aliniahidi cheo, nikaitunga hadithi ile kwa siku moja, na nilipoirudia kuisoma niliipenda. Ninawadharau wageni wale na Lucky, ila wao walidanganywa. Mimi niliisikia ile du.

Jana nilisimama mlangoni nikawaeleza wageni habari za ngazi, na za alama yako. Mmoja aliuliza kama bado anaweza kupiga picha. Reginald akaniita ofisini kwake juu; nikamwekea kitambulisho changu cha kazi mezani kabla hajaketi, nikashuka kwa ngazi ya wageni, katikati, wima.

Nisalimie Mama na wote wa kwaya hapo Nkoaranga. Anande, anayekuletea barua hii, atakupa na kifurushi kizito. Ni lile bango. Nililifungua skrubu zote nne. Mama alitumie kufunikia pipa la maji, maandishi yakitazama chini.

Mwanao,
Ndeshi