Papai ya Kavira

Papa Masika,

Tulifika Beni muzuri kwa ndoa ya mudogo wangu. Jua ya hapa inachoma, mais mugongo yangu iko mwepesi sana bila kumubeba Kavira, na sipendi ile wepesi. Homa yake imepunguka?

Leo nilienda na Masika na Katungu ku soko. Mama moja mwenye kuuzisha mapapai akapiga kelele: "Mapasa! Babili ba tumbo moja!" Akabapa kila mutoto papai yake kidogo, vile batu banapokeaka mapasa. Nikamuambia: "Aksanti mama, mais hapana mapasa. Ni batatu."

Akaangalia nyuma yangu, hakuona mutu. Akaweka mikono ku kichwa: "Pole, mama. Mungu alimupenda."

Nikapiga kelele mupaka batu ba soko bakageuka: "Hakukufa! Iko Butembo na papa yake, ni homa tu!"

Ule mama akacheka na machozi, akachagua papai ya tatu. "Hii ni yake. Usipatie mutu mwingine."

Batoto bakaanza kuigombania. Donc nikaifunga ku mugongo na kitenge, pahali Kavira anakalaka. Ilikuwa na moto ya jua, sawa yeye ile asubui nilimuacha. Batu ba ku njia bakanicheka. Miye nilikuwa naipigapiga polepole, sawa vile inalala.

Umushikilie sana, na umuambie mama yake anakuja.

Mama Masika