Miti Iliyosema Mama Atapona

Ndia Kuu, Mombasa
Jumatano, baada ya alasiri

Kwa kaka yangu mpenzi Kamaludin,

Assalamu alaykum warahmatullah. Ni matumaini yangu kwamba maneno haya yatakukuta na afya njema, wewe na wenzako mnaokaa nyumba moja, na kwamba joto la Muscat limewahurumia kidogo. Ama sisi huku tupo. Ada ya barua ni kuandika kwamba sote ni wazima, lakini leo mkono umekataa, na sababu utaiona mbele. Wifi na mtoto wenu walikuja Ijumaa kutoka Tononoka. Mtoto ameota meno mawili ya mbele na humng'ata kila anayembeba, hata imamu alipokuja kumwombea mama dua aliondoka na alama kidoleni. Wanakusalimu sana.

Najua utashangaa kwa nini nakuandikia na simu ipo. Simu zako, kaka, mama huzitaka kwa spika. Ukinitumia sauti, huniamuru niifungue akiwa karibu, na nikijaribu kutoka nayo hadi barazani hunirudisha kama mtoto aliyeiba sukari. Maandishi peke yake ndiyo yaliyobaki kuwa yako na yangu, kwa sababu macho yake hayaoni tena herufi ndogo. Nikimaliza nitaipiga picha barua hii nikutumie leo leo. Basi ukiisoma hii usipige simu papo hapo. Kaa kwanza, umalize.

Lazima nianze na kazi yangu ya chuo, kwa maana bila hiyo hutaielewa habari ya mama. Wewe ulizoea kunitania kwamba nasomea ukulima wa kompyuta. Mama naye aliwaambia majirani kwamba bintiye anafanya uzamivu wa miti, ndipo Bi Mwanaidi akaniletea kopo la mrehani wenye majani ya manjano nimpe dawa. Tulicheka sana siku ile. Sasa nieleze kwa utulivu, maana sikuwahi kukueleza vizuri.

Mbinu yenyewe ni ya takwimu, na imepewa jina la mtu wa kale aitwaye Bayes. Kompyuta hujenga miti midogo mingi, na kila mti huuliza maswali mawili matatu tu kuhusu mgonjwa. Amepita miaka sitini? Miguu imevimba? Amewahi kulazwa kabla? Anakaa mtaa gani? Kila jibu lina tawi lake, na mwisho wa tawi mti hutoa rai yake ndogo, kwamba huyu ana dalili ya kuishi au hana. Hakuna mti unaosikilizwa peke yake. Rai zote hujumlishwa. Kompyuta huanza na dhana, kisha huirekebisha kila inapoonyeshwa mgonjwa mwingine, na ikishamaliza hukwambia uwezekano ni kiasi gani, na pia yenyewe ina wasiwasi kiasi gani. Hilo ndilo nililolipenda zaidi, kwamba nimepata mashine isiyojifanya inajua kila kitu. Watu wa namna hiyo hapa mjini ni wachache.

Miti yangu ilijifunza kwa wagonjwa wa moyo waliopita katika hospitali moja hapa kisiwani kwa miaka kadhaa. Majina yalikuwa yamefutwa. Aliyefia wodini alikuwa ameandikwa amekufa. Asiyefia wodini mimi nilimhesabu ameishi, kwa kuwa hakuna aliyeleta habari nyingine. Msimamizi wangu, Dokta Awiti, aliwahi kuniuliza nina hakika gani na hao walioondoka. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba mji wetu ni mdogo, kifo hakifichiki.

Na miti hiyo ikanionyesha jambo lililonifurahisha kupita kiasi. Wagonjwa wa Mji wa Kale, hasa wazee ambao jamaa zao waliomba wenyewe kuwatoa hospitali na kuwapeleka nyumbani, walionekana wanaishi kuliko wengine wote, hata wale waliokuwa na hali mbaya zaidi. Niliandika sura nzima juu yake. Nikasema ni jamaa, ni uji unaopikwa kwa mkono wa mtu anayekupenda, ni dua, ni kwamba kwetu mgonjwa halali peke yake. Niliisoma sura hiyo mbele ya walimu chuoni kule Tudor na wakapiga makofi. Dokta Awiti alisema hiyo ndiyo itakayonipa shahada. Wewe mwenyewe ulinitumia sauti ukasema umewachezea wenzako wote wa kazini rekodi niliyokutumia. Nilijivuna, kaka. Nilijivuna kwa niaba ya mtaa mzima.

Ndipo mama akalazwa. Dokta Kioko, unayemkumbuka kwa upole wake, alituambia moyo umechoka na maji yanajaa kifuani, kwamba watafanya wanaloweza, na hakuahidi chochote. Wewe ukaniuliza miti yangu yasemaje. Niliketi pembeni ya kitanda nikaingiza habari zake zote, nikapata sitini na kitu kwa mia. Haikuwa mbaya, haikuwa nzuri. Siku ya pili mama akasema anataka kwenda nyumbani. Tukatia sahihi, nami nikaiongezea kompyuta habari hiyo, kwamba jamaa wameomba kumtoa. Namba ikaruka hadi tisini na moja. Nilipiga kelele ukumbini mpaka muuguzi akanitolea macho. Nikakupigia, nikakwambia usivunje kazi, usiharakishe tiketi, shughulikia karatasi za kuwahamishia huko wifi na mtoto, na baada ya Ramadhani utakuja utamkuta mama jikoni. Ukashukuru Mungu, nikasikia unavyolia.

Vijana wa maduka ya vinyago pale chini walimpandisha ngazi kwa kiti, wakimtania kwamba ni bibi harusi. Siku za kwanza alikula. Akaomba mahamri na mbaazi, akala nusu hamri, tukaona tumepata. Kisha maji yakarudi. Sasa hawezi kulala chali. Hukaa ameegemea ukuta kwa mito mitatu, tasbihi mkononi, na sentensi moja huigawa mara mbili ili avute pumzi katikati. Miguu ukiibonyeza kidole hubaki shimo. Nikawa naitazama namba, namtazama mama. Na nitakwambia ukweli: nilimkasirikia mama, Mungu anisamehe, kana kwamba ni yeye aliyekosea hesabu.

Nikafungua kompyuta niulize miti yenyewe imeona nini. Nilitaka kuwaona watu waliofanana na mama: wazee, wenye moyo uliochoka, wa Mji wa Kale, waliotolewa kwa ombi la jamaa, na wote wakahesabiwa wameishi. Walikuwa wengi. Nilikuwa napitia safu zao bila haraka, nikafika kwa mwanamume mmoja wa miaka sitini na saba. Hana jina, ana mtaa tu, na ugonjwa, na tarehe aliyotoka. Tarehe ile naijua. Ni siku tuliyomtoa baba.

Imeandikwa hapo kwamba hali yake wakati wa kutoka ilikuwa nafuu. Sijui karani aliandika hivyo kwa sababu gani. Labda aliona anatabasamu, baba alivyokuwa. Tulimleta nyumbani, akalala katikati yetu, alfajiri akakata roho, na baada ya adhuhuri alikuwa makaburini Kikowani. Nani miongoni mwetu angerudi hospitali kuwaambia kwamba yule mliyemruhusu jana leo tumemzika? Kibali cha mazishi tulikipata kwa chifu, msikiti ukatangaza, watu wakajaa, kwisha. Hospitali haikuhitajika tena. Nami, mwanawe, niliyemshika miguu akikata roho, nikampitisha katika kompyuta yangu miaka mitatu baadaye nikamhesabu amepona.

Baada ya hapo sikuhitaji majina. Huyu wa mtaa wa pili aliyetoka mwezi wa Mfungo Sita ni mume wa Bi Mwanaidi. Yule mama wa miaka themanini ni bibi yake Mapenzi, niliyesoma naye. Mmoja mmoja niliwajua, na wengi wao nilikwenda matangani mwao nikala pilau yao. Hawakutolewa hospitali kwa sababu wanapona. Walitolewa kwa sababu jamaa waliona mwisho umefika, na sisi hatupendi mtu wetu afie kwa wageni. Kwa miti yangu, ombi hilo lilikuwa dalili njema kuliko zote. Baba yetu, kaka, ni mmoja wa waliofundisha miti hiyo kusema kwamba mama atapona.

Nilikwenda Tudor kumwambia Dokta Awiti. Alivua miwani akaiweka mezani. Kisha akaniambia kwamba kwao Siaya maiti hungoja mochari mpaka wana wote warudi kutoka walikotawanyika, hata wiki mbili tatu, kwa hiyo kifo lazima kipite hospitali, hata kama mtu amefia nyumbani. Haikumpitikia kwamba kuna mahali ambapo mtu hufa na kuzikwa na hospitali isijue kamwe. Hakunilaumu, na ningependa angenilaumu. Yeye ana udhuru. Mimi nimezaliwa katika mtaa huu, nami ndiye niliyemwambia kifo hakifichiki. Hakikufichika kweli. Mimi ndiye niliyekiacha nje, kwa kupenda kusikia sifa zetu. Tasnifu imesimama. Amesema ikibidi nitapita nyumba kwa nyumba kuuliza nani yu hai na nani hayupo, kisha nianze upya. Nilimwambia sitaweza kutoka nyumbani kwa sasa, naye akaelewa.

Sasa nifike kule ambako nimekuwa nikikwepa tangu nilipoanza kuandika. Nilimfuata Dokta Kioko nikamwomba aniambie bila kunibembeleza. Alisema ni siku, na Mungu akizidisha sana, wiki mbili. Akasema pia kwamba alimwambia mama yote siku ile ile alipoomba kwenda nyumbani, na kwamba mama ndiye aliyemwuliza, akamtaka asitwambie sisi.

Kwa hiyo mama alijua, kaka. Nilipomsomea tisini na moja kwa furaha zangu zote alisema mashallah, akanishika shavu. Juzi nilimwambia habari ya baba na kwamba miti ilikosea. Hakushtuka. Alisema aliona nimefurahi, akaona si vizuri aniharibie furaha yangu. Kisha akaanza mambo yake. Ameshamteua shangazi atakayemuosha. Ameniambia sanda iko kwenye kasha, chini ya leso zake mpya, na udi uko papo hapo. Amegawa mapambo yake kwa mdomo, ya wifi na yangu, na pete moja ya mtoto akikua.

Baada ya hayo akanitaka nimpe ahadi kwamba sitakwambia. Alisema umesota vya kutosha, karatasi za mkeo na mwanao ziko mlangoni, tajiri wako akikunyima ruhusa nawe ukaja, zitakufa pamoja na kazi. Akasema, kwa maneno yake, mwanangu asikate riziki ya mwanawe kuja kunitazama mimi nikitweta. Nikampa ahadi. Niliitoa kwa mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Kwa barua hii naivunja, na ikiwa ni dhambi, niachie mimi.

Naivunja kwa sababu nakujua, na kwa sababu sisi hatungoji mtu. Wewe wajua kuliko wote. Alipofariki baba ulipanda ndege ya kwanza uliyoipata, na ulipofika hapa mikeka ya hitma ilikuwa inakunjwa. Hukuona hata uso. Nikingoja nikupigie siku yenyewe, nitakuwa nakupigia kukwambia tumeshamzika. Hakuna kuja kwa maziko, kaka. Kuna kuja sasa tu. Kazi na karatasi ni zako na uamuzi ni wako, wala sitakuhukumu ukiamua kubaki. Ila sitaki ubaki kwa sababu ya namba niliyokupa mimi.

Jambo moja zaidi, kisha nikuache. Jana alasiri nilikuwa namsugua miguu kwa mafuta, akaniuliza kama ndege ya Muscat huja kila siku. Nikamwambia huja. Akauliza hutua saa ngapi, nikamwambia. Akafumba macho, nikadhani amelala. Kisha akafungua macho akasema nisije nikakwambia kwamba ameuliza.

Wifi anakusalimu, shangazi anakusalimu, na mtoto nimembusu kwa niaba yako, akaning'ata. Mama pia anakusalimu, ingawa hajui kwamba ninakuandikia.

Ni mimi mdogo wako,
Fairuz