Chupa Iliyofukiwa Kichwa Chini

Bardstown, Kentucky
12 Septemba 2011

Mdogo wangu Ramona,

Salamu nyingi. Hujambo huko Tacoma, na mumeo Dwight hajambo? Mimi nipo, namshukuru Mungu, ila koo linanisumbua. Daktari amekuta uvimbe, na mionzi wanayonipiga imeniulia ulimi. Nyama ya nguruwe naitafuna kama kadibodi. Hilo navumilia. Lakini jana nilijimiminia Old Tarlton, bourbon yetu, wiski yenye ngano, ya ghorofa ya chini ya ghala ambako mapipa hayapati joto kali, na sikusikia ladha yoyote. Nimezeekea kwenye maghala yale, mdogo wangu, na leo naisikia kama maji ya moto tu.

Najua hatujaandikiana tangu mambo ya harusi. Nakuomba kitu kimoja: nunua Tarlton, uionje, uniandikie ikoje. Ulimi wa mama uliurithi wewe.

Chupa isimamishe, usiilaze. Wiski ikigusana na kizibo muda mrefu, kizibo kinaoza.

Kaka yako,
Clell


Tacoma
3 Oktoba 2011

Kaka Clell,

Pole sana. Sisi ni wazima. Barua yako niliisomea mlangoni, nikashindwa kuingia ndani.

Tarlton ni tamu, sikatai. Karameli, mkate wenye siagi, mwishoni lozi. Inateleza kabla hujaamua kama umeipenda. Ni wiski ya kulalia, kaka. Bado nasema Cold Ridge, ya washindani wenu, inaipita mbali. Ile ina nafaka ya rai badala ya ngano, na mapipa yake yanakaa juu kabisa, chini ya bati, joto linaisukuma ndani ya ubao mpaka inatoka na pilipili, tumbaku na ganda la chungwa. Ukishaimeza inarudi kukuuliza swali.

Dwight anakusalimu, ila hajasahau. Ulimwambia mbele ya wageni kwamba mwanamume anayetia soda kwenye wiski kama Tarlton hawezi kutunza mke. Nikakuomba ufute neno lako, ukagoma, nikafungasha virago. Tukaja kufunga ndoa huku kwenye ofisi ya serikali, na mvua ilitunyeshea kweli kweli. Ile chupa uliyofukia uani kwako kichwa chini, kwa desturi ya huko Kentucky, ili siku ya harusi yetu mvua isinyeshe, nadhani kizibo chake kimeoza zamani.

Nitajaribu kuja Krismasi.

Mdogo wako,
Ramona


Bardstown
20 Novemba 2011

Mdogo wangu,

Natumai hamjambo. Mimi nasogeza siku.

Eti Cold Ridge inauliza swali! Jibu lake ni kiungulia. Nikitaka pilipili nitanunua pilipili. Lakini barua yako nimemsomea jirani Estel mpaka amenichoka, na nikifika kwenye ganda la chungwa mate yananijaa. Niandikie zaidi.

Chupa ile usiihukumu. Kuifukua ni kazi ya bwana na bibi harusi, mimi siigusi. Njooni mjionee.

Kaka yako,
Clell


Tacoma
9 Januari 2012

Kaka,

Hali yako? Krismasi sikuja. Nilikwambia kwenye simu ni kazi, lakini ukweli nilikuwa nangoja umwombe Dwight radhi kwanza. Tumekata tiketi za Aprili.

Jana nilionja tena Tarlton, polepole. Safari hii nimeisikia vanila, na harufu ya ghala uliyokuwa unarudi nayo kwenye koti. Nilikukumbuka sana.

Mdogo wako,
Ramona


Bardstown
26 Februari 2012

Ramona,

Koo limebana, naandika kifupi. Wiski kavu inanichoma, haipiti. Jana nimetia soda kwenye Tarlton, ikapita. Mwambie Dwight hivyo. Mwambie nilimwaibisha mezani kwangu, mgeni wangu, na nilikosa. Nilikukosea na wewe.

Aprili ni mbali.

Kaka yako,
Clell


Bardstown
2 Aprili 2012

Kaka Clell,

Sikuulizi hali. Naandika mezani kwako, na barua hii nitaipeleka mwenyewe makaburini.

Siku tuliyokuzika mvua ilinyesha. Leo kumekucha jua, mimi na Dwight tukachukua koleo. Nilitegemea Tarlton iliyooza. Tumefukua Cold Ridge, imejaa mpaka shingoni, kizibo kigumu. Estel amecheka huku analia. Anasema kila masika uliifukua ile ya zamani ukafukia mpya, ili tukija tuikute nzima. Na yeye ndiye uliyekuwa ukimtuma dukani, kwa sababu uliona haya watu wa ghala wakuone umeshika Cold Ridge.

Dwight ametia soda kwenye yake. Na mimi nimetia. Yako nitakumiminia kavu.

Uliniomba nikuandikie ladha. Ni chungwa, kaka, na pilipili, na udongo kidogo mdomoni mwa chupa. Inashuka vizuri. Ningekuja Krismasi tungeinywa pamoja.

Mdogo wako,
Ramona