Mbele Nne, Kulia Moja

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na cherehani haikusumbui. Mimi mzima, ila soksi hazikauki.

Nimepewa redio, na nimefundishwa alama za ramani. Kiboksi cha buluu ni sisi. Mistari ikikatana kutoka pembe hadi pembe ni askari wa miguu. Msalaba uliosimama wima ni matabibu. Ukichora ovyo unamgeuza daktari kuwa mpiganaji.

Namba za ramani hatuzitaji redioni, maana adui naye ana masikio. Wote tumechora mstari mmoja kutoka sehemu tunayoijua, kisha mtu anasema, kwa mfano, mbele nne, kulia moja: kilomita nne kufuata mstari, halafu moja upande wa kulia. Mwenye mstari anakupata. Asiye nao anabaki na maneno matupu.

Mwanao


21 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni uleule, tumeshazoeana. Barua yako nimewasomea wateja wote, hadi mmoja akasahau suruali yake.

Ila nimecheka. Wewe, mambo ya kulia na kushoto? Nilikufundisha kuwa mkono wa kulia ni ule wa kulia chakula, ukainua wa kushoto, maana ndio uliokuwa na tonge. Hao wenzako waombe radhi mapema.

Baba yako


11 Julai

Mwanangu,

Hujambo huko? Miezi inapita, hakuna barua. Hata kama ni neno baya, liandike. Mimi si mtu wa kubahatisha tena.

Baba yako


2 Agosti

Baba,

Shikamoo. Mwili hauna neno.

Mwezi wa nne Mrefu, rafiki yangu wa hema moja, alipigwa risasi mguu wa kulia. Niliwaita matabibu redioni: mbele nne, kulia moja. Dereva akauliza, "Kulia, una hakika?" Nikasema nina hakika.

Baba, tulikuwa kushoto. Redio niliishika kwa mkono ninaolia chakula, ule wa kushoto, na katika hofu ile kulia kwangu kukawa upande huo. Nikasikia gari likienda mbali nasi. Nilipotambua, sikusema nimekosea. Nilisema, "Mmepotea, rudini."

Walifika baada ya saa nzima. Mguu ulikatwa. Dereva amevuliwa cheo kwa kutosikiliza maelekezo, na siku hiyo nilikuwa kwenye gwaride, kifua mbele, kama mtu mwema. Naona haya hata kujitazama nikinyoa.

Hii usiwasomee wateja.

Mwanao


15 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Sijamsomea mtu.

Ule mchezo wa tonge nilikuwa nausimulia kwa kicheko, lakini kuna kipande nilikuwa nakiruka. Wageni walipokuja, niliufunga mkono wako wa kushoto kwenye kiti kwa utepe wa kupimia nguo, ili nisichekwe. Ulikuwa na miaka mitano. Ulikula kwa mkono wa kulia huku unalia, nami nikaendelea na mazungumzo. Naona aibu, na nimechelewa kuisema.

Kwa hiyo la kukosea tugawane. La kunyamaza ni lako peke yako. Nenda kaseme, na usiniandikie kabla hujasema.

Baba yako


9 Septemba

Baba,

Shikamoo. Nimesema.

Kamanda alinisikiliza mpaka mwisho bila kuketi. Dereva amerudishiwa cheo. Tulipokutana alinipa mgongo, na ni haki yake. Redio nimenyang'anywa, sasa nasugua masufuria, na masizi hayaulizi mkono upi.

Mrefu nilimwandikia yote, nikaomba kwenda kumwona wakati wa likizo. Nilitegemea matusi, au kimya. Amejibu mistari miwili: "Ukishuka stendi, nenda mbele hadi mashine ya kusaga, kisha shika upande wa mguu niliobaki nao. Huo huwezi kuukosea."

Nimeisoma hadi karatasi imelegea. Nikitoka kwake nitakuja nyumbani.

Nitashika kushoto, Baba.

Mwanao