Sauti Ambazo Nyimbo Hazikuzitumia

Fundi Okoth,

Sikuulizi hali. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyofanyia kazi, wewe Mjaluo wa Mbita na mimi Mkuria wa Kehancha, kila mmoja akiiharibu kwa njia yake. Dholuo yangu bado ni ya kununulia samaki.

Studio ipo. Iko palepale Suna, juu ya duka la mbolea, na magodoro tuliyopigilia ukutani kuzuia kelele hayajaanguka. Baada ya mazishi yako mke wako aliniambia niendelee na kazi, naye atakuwa anatoka Mbita mara kwa mara kuja kuangalia. Nimekaa kwenye kiti chako. Nimekishusha, maana miguu yangu ilikuwa inaning'inia.

Nina habari ya kukueleza, na najua hutaupenda mwanzo wake. Nimefuta.

Ilianza na kina mama wa kwaya kutoka upande wa Asumbi. Walikuwa wamerekodi nyimbo zao, ukabaki mmoja. Kiongozi wao, Mama Consolata, alikuwa anaimba mwanzo peke yake, wenzake wamejipanga nyuma wakingoja kuitikia. Kabla hawajaitikia, kompyuta ikasimama na kuandika kwamba nafasi imeisha. Nikaizima, nikaiwasha, ikarudia maneno yaleyale. Mama Consolata akavua hedifoni.

"Sasa ni sisi tumeijaza?"

Nikamwambia hapana, mama, si ninyi. Wakarudi nyumbani na nusu wimbo.

Aliyeijaza ni wewe. Kila mtu aliyeimba humu, kila mara aliporudia ubeti, kila kiti kilicholia na kila simu iliyoita katikati, vyote ulivihifadhi. Wimbo unatumia sauti chache tu. Zilizobaki zinakaa kwenye folda yake bila kazi. Nilikuambia mara nyingi tuzitoe, ukawa unacheka. "Sauti haiozi, Robi." Ni kweli, haiozi. Lakini inakalia nafasi.

Programu yenyewe inaweza kukuonyesha faili ambazo wimbo hauzitumii, na kukuuliza kama izitoe. Ni kubonyeza tu. Nilianza na wimbo mmoja wa harusi, nikazitoa, nikaridhika. Kisha nikafungua ule wa mwalimu wa Awendo, nikakuta ngoma zote hazipo. Mwalimu wa watu anaimba peke yake kama mtu aliyefungiwa bafuni. Ndipo nikakumbuka tabia yako ya kuazima. Ngoma za wimbo wa harusi ulikuwa umezipeleka kwa mwalimu bila kuzinakili, kwa hiyo kwenye harusi zilionekana hazina kazi, na kwa mwalimu ndizo zilizokuwa miguu ya wimbo. Bahati nzuri nilikuwa sijalimwaga pipa la takataka la kompyuta. Nikazirudisha.

Tangu hapo nikaenda polepole. Kila wimbo niliukusanyia kwanza, ndani ya folda yake, nakala ya kila kitu unachokitumia. Nikausikiliza mwanzo hadi mwisho. Baada ya hapo ndipo nikafuta. Ni kazi ya kuchosha, kama kuchambua mchele utakaoliwa na watu wengine.

Sauti yako ilikuwa kila mahali. Unahesabu "achiel, ariyo" kabla gitaa halijaingia. Unamwambia mtu asogelee maikrofoni, haimng'ati. Unaniita nilete waya. Nilizitoa pamoja na nyingine. Nilikuwa nautazama mkono wangu na kushangaa ulivyotulia.

Hivyo hivyo mpaka nikafika kwenye folda ya wimbo wako, ule uliomtungia mama yenu. Hapo niliondoa mkono kwenye kompyuta, nikampigia simu mke wako, Mama Achieng.

Mama Achieng alikuja na Ouma, ndugu yako. Niliwapa viti, nikawaeleza. Ubeti wa kwanza uko tayari, wa pili uko tayari. Wa tatu uliuimba mara nyingi sana katika ile miezi ya mwisho, na hakuna hata sauti moja uliyoiweka kwenye wimbo. Mahali pake kuna gitaa la pili tu, lile alilopiga Ouma. Nikawauliza nifanye nini na hizo sauti.

Ouma hakusita. "Chagua moja, uweke. Jina la mama liko kwa huo ubeti. Huwezi kutungia mtu wimbo halafu jina lake likose."

Nikawafungulia ya kwanza. Unaimba vizuri kiasi, pumzi inakatika ukikaribia jina, unalimaliza kwa shida. Kisha unasema, "Hiyo bado." Nikafungua nyingine. "Hiyo bado." Nyingine unakohoa kabla hujafika kwenye jina, na bado unangoja kifua kitulie ili useme neno lako hilohilo. Ouma alikuwa anatazama sakafu. Mama Achieng alikuwa amekunja mikono.

"Si amesema mwenyewe," akasema.

"Alikuwa mgonjwa. Mgonjwa anasema mambo mengi."

"Ouma, huyu alikuwa anasema hivyo hata akiwa mzima. Hata ugali wangu alikuwa anauambia bado."

Tulicheka, sisi watatu, na kicheko kikaisha vibaya. Ouma akatoka nje akasimama kwenye ngazi. Aliporudi alisema sisi wawili tunataka kumnyamazisha kaka yake. Kwa kweli sikujua kama anakosea.

Mama Achieng ndiye aliyesema mwenye wimbo, aliyetungiwa, aulizwe. Kwa hiyo nikatengeneza nakala mbili za wimbo. Moja niliiwekea ubeti wa tatu, ile sauti iliyo afadhali, nikaisafisha kadiri ninavyoweza. Nyingine nikaiacha ulivyoiacha. Nikazitia kwenye flashi, tukaenda Mbita.

Mama yako alikuwa uani anapukuchua mahindi. Alinikaribisha kwa Kiswahili, halafu akarudi kwenye Dholuo, na Mama Achieng akawa ananitafsiria. Ouma akaweka spika yake juu ya kigoda. Tukaanza na ile yenye ubeti.

Alisikiliza beti mbili za kwanza huku mikono inafanya kazi. Ulipoingia wa tatu, mikono ikasimama. Jina lake lilipofika, lilifika kwa ile sauti ya kukwaruza, sauti ambayo sikuweza kuiondolea ugonjwa hata kwa kila kitu ulichonifundisha. Ouma akamwangalia mama yake kwa matumaini kabisa. Nilimhurumia.

Kisha tukaweka ile nyingine. Pale kwenye ubeti wa tatu ilikuja gitaa peke yake, na mama yako akaanza kutikisa kichwa taratibu, akifuata mdundo, mpaka ukarudi wewe na kiitikio.

Akasema maneno machache. Mama Achieng alikawia kunitafsiria, nikadhani amesahau kwamba niko.

"Anasema yule wa kwanza ni mgonjwa. Anasema huyo alimuuguza, anamjua, hahitaji kuletewa kwa spika. Anataka huyu wa pili."

Ouma akamuuliza kuhusu jina. Hilo nililielewa, na jibu nalo mama yako alinigeukia akalisema kwa Kiswahili, ili mgeni asikose.

"Jina langu hapa nani hajui?"

Akaendelea na mahindi yake. Ouma akaketi chini kando yake, akachukua hindi, wakapukuchua wote wawili. Hakuna aliyezungumza tena habari ya wimbo. Tulikula, nikapanda gari la kurudi kupitia Homa Bay.

Asubuhi nilifungua folda yako. Ouma alikuwa amenitumia ujumbe: fanya vile mama alisema. Nilimpigia Mama Achieng kumuuliza kama anataka nimwekee kitu chochote, hata kipande. Akasema hapana, ya kwake anayo.

Nilizisikiliza zote mara moja, kila moja mpaka uliposema neno lako. Nikazichagua zote, nikabonyeza, nikalimwaga pipa. Kisha nikashuka kwenda kununua maziwa. Muuzaji aliniuliza ninalia nini. Nikamwambia ni vumbi la mbolea, akaniamini, maana lipo.

Wimbo wako umetoka. Watu wa Mbita wameupokea vizuri, na mara mbili nimeusikia barabarani hapa Suna, kutoka duka la simu. Ouma amekuja kurekodi wa kwake. Anachelewa kuingia, nimemwambia.

Kina mama wa kwaya walirudi wakamaliza. Waliimba vizuri kuliko siku ile. Nilipotaka kuwaaga, Mama Consolata alikataa kutoka.

"Na zile tulizokosea?"

"Nitazifuta, mama."

"Zifute tukiona."

Wakanizunguka wote kitini, wamebanana. Niliwasomea moja moja, hii ni ile mliyoingia mapema, hii ni ile mtu alipiga chafya, nao wakawa wanasema toa, toa, huku wanasukumana na kucheka. Wakaondoka wakiwa wepesi. Tangu siku hiyo nakuahidi, Fundi, ndivyo itakavyokuwa hapa nikiwa mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti: kazi ikiisha hatuachi mrundo, na hakuna sauti ya mtu itakayofutwa kabla mwenyewe hajaketi karibu nami akaona.

Wewe hukuweza kuja kuketi. Ndiyo maana nimekuandikia.

Oriti, Okoth. Lala salama.

Robi